Marahaba Iliyokosa Njia

"Asiyeitika si jeuri, huenda kakosa njia." Mmeisikia leo kwa fundi wa intaneti, mkacheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haikutoka kwa wahenga, wanangu. Ilizaliwa juzijuzi tu kule Tukuyu, katika nyumba yenye ruta mbili na pazia moja, na chanzo chake ni hiki.

Tusekile alikuwa mke wa Gwamaka. Mumewe alikuwa kazini Mtwara, naye alibaki kwa wakwe zake akisomea ufundi wa mitandao. Jumatatu alikuwa na mtihani wa vitendo: aunganishe ruta mbili, vile visanduku vya kupitishia mawasiliano ya mtandao, mpaka zizungumze. Alikwisha kuanguka mara moja, na chuo chake hakikuwa na mara ya tatu. Bahati nzuri baba mkwe wake, Mzee Mwaisabila, alikuwa fundi mstaafu wa simu. Mzee akatafuta ruta mbili kuukuu, akazipangusa vumbi, akatangaza, "Mkwe wangu haanguki tena nami nipo hai."

Shida ilikuwa desturi. Mzee alikuwa mtu wa kale. Chumbani kwa mkwe hakuingia, na mkwe naye hakuketi mbele yake, sembuse kumkosoa. Basi ruta moja ikakaa sebuleni kwa mzee, nyingine chumbani kwa Tusekile, na waya ukapita chini ya pazia la mlango. Mzee aliandika maagizo kwenye karatasi, mama mkwe akayapeleka. Tusekile akiwa na neno alimnong'oneza mama mkwe, naye akalifikisha kwa mzee likiwa limeshapakwa asali. Mambo yakaenda.

Alhamisi mama mkwe akaitwa Kyela kumuuguza dada yake. Aliacha karatasi ya mwisho ya mzee, na chini yake mzee alikuwa ameandika: "Fuata hivi hivi. Usiongeze hata nukta."

Tusekile alifuata. Ijumaa asubuhi mzee akaketi kwenye kompyuta yake, akatuma ujumbe wa majaribio. Ujumbe huo yeye aliuita shikamoo, na jibu lake marahaba. Alituma shikamoo ya kwanza, ya pili, ya kumi. Marahaba haikuja.

"Mkwe!" aliita, uso ameuelekeza ukutani. "Umeandika kama nilivyoagiza?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona ruta yako haiitiki?"

Tusekile akanyamaza. Jibu alikuwa nalo. Kwenye kompyuta yake aliziona shikamoo zote zikiingia, moja baada ya nyingine. Ruta yake ilitaka kujibu, ila haikujua upande wa mzee unafikiwa kwa njia ipi. Mzee alikuwa ameandika njia ya kwenda, akasahau ya kurudi. Lakini mkwe atamwambiaje baba, "Umekosea"?

Mzee aliuliza tena saa nne, akauliza tena adhuhuri. Alipokosa jibu, akavua miwani.

"Nimeelewa. Wewe ni jeuri, unanidharau. Huo mtihani kaufanye peke yako."

Tusekile alilia kimyakimya. Alimpenda yule mzee, na sasa angepoteza mtihani na mwalimu siku moja. Kisha akachomoa kwenye kompyuta yake waya uliotoka kwenye ruta yake, akausukuma ncha ikatokea chini ya pazia, upande wa mzee.

Mzee aliutazama ule waya kwa muda. Ufundi ukaishinda hasira, akauchomeka kwenye kompyuta yake. Akasoma kumbukumbu za ruta ya Tusekile. Akachukua nakala ya karatasi yake, akaipitia kwa kidole mpaka mwisho.

"Shikamoo zangu zilifika," alisema taratibu.

"Zilifika, baba."

"Na kosa uliliona?"

"Niliona."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi, baba."

"Sasa mbona hukuniambia, mwanangu?"

Kisha sauti ndogo ikatoka nyuma ya pazia: "Mama hayupo, baba. Ningepitishia wapi?"

Mzee alikaa kitako, aibu imemjaa. Akaandika mwenyewe mstari ule mmoja uliokosekana, na marahaba zikaanza kumiminika. Kisha akasema, "Kuanzia leo nikikosea, niambie wewe. Kama waya unapita chini ya pazia, na neno lipite."

Mtihani Tusekile aliufaulu, ila methali ilikuwa imezaliwa kabla yake. Jumapili mama mkwe alirudi kutoka Kyela, na kabla hajatua mzigo akasikia, "Hapana, baba, hapo umekosea!"

Alishika kiuno. "Ee! Mtoto huyu kaanza kuwa jeuri lini?"

"Mwache," mzee akamjibu mkewe. "Jeuri nilimwita mimi, siku aliponyamaza, nami ndiye niliyemnyima pa kujibia. Asiyeitika si jeuri, huenda kakosa njia."