Sufuria ya Tatu

Aliyemwambia Mama Ipyana kwanza habari ya sufuria alikuwa Mama Sekela, mpishi wa sekondari ya kata. Alimwambia gulioni, siku ya Alhamisi, huku akichagua nyanya na kurudisha zile zilizobonyea.

"Shikamoo, mama," alisalimu mwenye nyanya.

"Marahaba, Mama Ipyana. Mtoto leo umemwacha wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Haya. Nyie wanakamati mnatuchosha na makofi yenu. Jana mmepiga mpaka nikadhani kuna harusi, nikaanza kuulizia pilau."

Makofi yenyewe yalikuwa na sababu. Mkuu wa shule alikuwa amesimama mbele ya wazazi akatangaza kwamba utoro umekwisha. Sasa katika kila watoto mia, tisini na saba wanafika darasani. Wazazi walisimama kwa furaha. Mama Ipyana naye alisimama, ingawa kwa haya zake alisimamia kule nyuma, karibu na mlango, mtoto mgongoni.

Huyu Mama Ipyana alikuwa mama kijana aliyeishia darasa la saba. Kikaoni hakuwa akisema neno. Lakini mwandiko wake ulikuwa umenyooka, na kwa ajili ya mwandiko huo wazazi walimchagua kuwa katibu wa kamati ya mahudhurio. Mwanzoni mwa muhula walikuwa wametunga sheria ya kuinua shule yao: mwanafunzi atakayekosa siku kumi na tano, jina lake lifutwe, asituharibie wengine. Mikono ikainuka, na wa kwake ukiwemo. Kisha akaiandika sheria ile kwa kalamu ya wino, polepole, kwa herufi kubwa. Hakukosea hata herufi moja.

Mama Sekela akaweka nyanya kwenye kikapu. "Sasa nieleze, wewe uliyesoma."

"Mimi ni wa la saba tu, mama."

"Na mimi ni wa la nne, lakini sufuria najua kuzihesabu. Muhula ulipoanza nilikuwa napika makande sufuria tatu. Siku hizi napika mbili, na yanabaki mpaka mbwa wa mlinzi ananenepa. Kama watoto wanazidi kuja, mbona makande hayaliwi? Siku hizi wanashiba makofi?"

Mama Ipyana akacheka. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Akamwomba jirani amwangalizie nyanya, akafunga kanga vizuri, akapanda mlima kwenda shuleni kabla walimu hawajatawanyika.

Alisimama mlangoni mwa ofisi muda mrefu kabla ya kubisha. Mnamjua mtu mwenye haya. Neno analipanga njiani lote, akifika linamponyoka.

"Mwalimu, samahani. Sufuria ya tatu imekwenda wapi?"

Mkuu wa shule akaangua kicheko. "Mama, sufuria muulize mpishi."

"Mpishi ndiye aliyenituma."

Mwalimu akaacha kucheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Akavuta daftari la mahudhurio, akalifungua mezani. Kila ukurasa ulikuwa na mistari ya wino mwekundu iliyopita juu ya majina.

"Jina likifutwa, asubuhi haliitwi tena," alisema. "Lisipoitwa, halihesabiwi kwamba limekosa. Tumebaki na wale wanaokuja. Ndiyo tisini na saba yetu hiyo."

"Wamefutwa wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

Moto ukampanda Mama Ipyana hadi masikioni. "Watoto arobaini na mmoja! Na hakuna aliyekwenda kwao hata kuuliza?"

"Aende nani? Tuko walimu tisa. Tena sheria haikusema twende. Isome, hiyo hapo."

Akanyoosha kidole ukutani. Mama Ipyana akaangalia, akaukuta mwandiko wake mwenyewe, umenyooka, mzuri, hauna kosa.

Akarudisha macho kwenye daftari, maana ukuta ulikuwa unamtazama. Akaanza kusoma majina ya waliofutwa, moja baada ya jingine. Wa nne alikuwa mtoto wa ng'ambo ya mto. Mvua zikianza, daraja la miti linaondoka na maji. Wa kumi na mbili alikuwa binti aliyejifungua mwezi wa pili. Aliwajua wengi, na kwa kila jina hasira yake kwa shule ikazidi. Akafika jina la mwisho, lile la arobaini na moja.

Lusubilo. Kidato cha pili.

Lusubilo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alimchukua mwenyewe kwa mama yao, akaahidi mbele ya ukoo kwamba kwake atasoma mpaka amalize.

"Huyu tumemfuta leo asubuhi," alisema mwalimu, asijue anayezungumza naye ni nani kwa huyo mtoto. "Leo ametimiza siku ya kumi na tano. Na ana akili, sikufichi. Lakini Jumatatu hayupo, Alhamisi hayupo. Tukadhani ana maradhi. Wewe unakaa karibu na kwao, unajua anaumwa nini?"

Wapendwa, Jumatatu na Alhamisi ni siku gani pale kwao? Ni siku za gulio. Na siku za gulio, mama akiwa kwenye nyanya, Ipyana hubaki na nani?

Mama Ipyana akaweka kidole juu ya ule mstari mwekundu.

"Haumwi, Mwalimu. Ananishikia mtoto. Nilikuwa najiambia ni leo tu. Kila gulio nilisema ni leo tu."

Mama Ipyana, ambaye kila siku alikosa la kusema, sasa akalipata.

"Waandike upya chini, Mwalimu. Wote arobaini na mmoja, kwa penseli. Jumamosi naitisha kikao, na ile karatasi ya ukutani nitaiandika tena. Itasema hivi: jina la mtoto halifutwi mpaka mtu wetu amefika kwao, ameketi, amesikia kinachomzuia. Wa ng'ambo ya mto atafutiwa pa kulala upande huu mvua zikianza. Aliyejifungua akute dawati lake linamngoja."

"Maneno mazuri, mama. Na huyo mtu wa kwenda ni nani?"

"Mimi."

Alisema hivyo akimtazama usoni, na hakuangusha macho.

Sasa tujiulize sisi tulioketi hapa. Ni mara ngapi tumesikia shule imepanda, tukapiga makofi, tusiulize ni nani wameshushwa ili ipande? Tunataka shule nzuri. Ni haki yetu, na tutaipata. Lakini shule haiwi nzuri kwa kuwapunguza watoto. Tunalaumu serikali, tunalaumu walimu, na mengine wanastahili. Ila tukifunua lile daftari mpaka ukurasa wa mwisho, nani kati yetu ana hakika kwamba hatakuta jina la mtu wa nyumbani kwake, na sababu yake akaijua kuliko mwalimu? Nani amemtuma binti kuchuma chai siku ya mtihani? Nani amesema ni leo tu?

Sheria tuliziweka kwa mikono hii tuliyoinua. Kwa mikono hii hii tunaweza kuziandika upya, na kwa miguu hii tunaweza kufika milangoni mwao. Tusingoje mtu kutoka mbali, sisi tupo na njia tunaijua.

Jioni ile alipomweleza mdogo wake yote, Lusubilo aliuliza jambo moja tu. "Dada, kwa hiyo jina langu limerudi?"

"Limerudi. Kwa penseli. La wino utaliandika mwenyewe kwa kufika."

"Na Jumatatu Ipyana atashikwa na nani?"

"Na mama yake. Kwani aliniomba nimzae?"

Kulipokucha, siku ya Ijumaa, Mama Ipyana alimbeba mtoto mgongoni mwake mwenyewe. Akamsindikiza Lusubilo hadi getini, akasubiri mpaka mwalimu wa zamu alipoita jina lake naye akaitika. Kisha akatoa kwenye pindo la kanga karatasi ya majina arobaini, akalisoma la kwanza, akashuka njia ya mtoni. Mlango wa nyumba ya mtoto huyo ulikuwa umerudishiwa. Haya zake zilikuwa zimemfuata mpaka pale. Akazipita, akabisha.

"Hodi wenyewe!"