Pumzi za Sauti ya Pili

Ndugu zangu, kabla hatujafungua Neno la leo, nina habari ya kwaya moja ambayo ningependa muisikie mkiwa mmetulia.

Tuseme ilikuwa huko juu, kwenye migomba na mvua, mahali ambapo mtu hatoki nyumbani bila mwavuli hata kama mbingu ni nyeupe. Haikuwa kwaya ya kanisa moja. Ilikuwa kwaya ya mtaa: Walutheri walikuwamo, Wamoraviani walikuwamo, na wale ambao kanisani tunawaona Desemba tu, nao walikuwamo. Msicheke, mnajijua. Kila mwaka Krismasi ikikaribia walikutana kufanya mazoezi ya tamasha lao, na watu wa vijiji vya karibu walilisubiri tamasha hilo kama wanavyosubiri pilau.

Katika safu ya sauti ya pili alikuwapo mama mmoja, Subilaga. Sauti yake ilikuwa nzito, tulivu, ya kuegemewa na wengine. Karibu naye alisimama Tusajigwe, aliyeolewa upande wa pili wa mto. Hao wawili walikuwa wameimba bega kwa bega tangu wakiwa wasichana. Lakini mwaka ule walikuwa hawasemezani.

Kisa chake kilikuwa msiba. Mama mzazi wa Subilaga alifariki. Watu wakaja, jeneza likashushwa, kaburi likafukiwa, na Tusajigwe hakuonekana. Rafiki wa utotoni! Alikuja watu wamekwisha kunawa mikono na kuanza kupakuliwa chakula, ana mkungu wa ndizi kichwani, anahema. Subilaga akamtazama. Akamwambia, tena mbele za watu:

"Mama amekwisha kuzikwa. Kilichobaki ni chakula. Nenda ukale."

Tusajigwe aliutua mkungu wake kwenye nyasi, akageuka, akarudi alikotoka.

Neno kama hilo, ndugu zangu, mdomoni halina uzito. Uzito wake uko masikioni. Je, Subilaga alijua kwamba amekosea? Alijua. Usiku, kabla hajalala, neno lile lilikuwa linamrudia. Lakini alijiambia, mfiwa haombi radhi. Aje yeye kwanza, aeleze alikuwa wapi. Tangu hapo jina la Tusajigwe likapigwa marufuku nyumbani kwake. Mtu akianza kulitaja, Subilaga alimuuliza habari za mahindi. Alisikia kwa mbali kwamba mume wa mwenzake anaumwa. Hakuuliza anaumwa nini wala tangu lini.

Mtasema, mbona hawakuhama safu? Nani ahame? Kila mmoja aliona kwamba kuhama ni kukiri kosa. Basi wakaendelea kusimama pale pale, na katikati yao mwalimu wa kwaya akampanga mke wa fundi cherehani, mama mcheshi, awe kama uzio.

Sasa sikilizeni. Wimbo wa mwisho wa tamasha uliishia kwa neno moja tu: amani. Na ile "ni" ya mwisho ilivutwa ndefu, ndefu kupita pumzi ya mtu mmoja. Wanakwaya mnajua inavyofanyika. Huyu akivuta pumzi, jirani yake anashika sauti. Jirani akivuta, huyu anashika, na msikilizaji haoni mahali pa kukatikia. Lakini kila wakifika pale, sauti ya pili ilikatika. Mwalimu akarudia, ikakatika. Akarudia tena, ikakatika. Akateremka, akapita mbele ya safu ameinamisha sikio kwa kila mdomo, akasimama mbele ya wale watatu.

"Mama zangu, tobo liko hapa. Wawili mnavuta pumzi kwa wakati mmoja."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wameimba pamoja miaka mingi mno hata vifua vyao vilizoeana. Midomo haisemezani, lakini vifua vinapanda na kushuka pamoja!

"Mama Subilaga, wewe utavuta wapi?" mwalimu akauliza.

"Muulize huyo mwingine kwanza."

"Mama Tusajigwe?"

"Mimi navuta ninapoishiwa."

Subilaga akamgeukia mke wa fundi. "Mwambie avute mapema. Mimi nitavuta nyuma yake."

Tusajigwe naye, macho mbele: "Mwambie nimesikia. Lakini asiniharakishe kama anavyofanya siku zote."

"Jamani," mke wa fundi akasema, "mnasikiana hivi hivi, mimi nimekuwa simu?"

Kwaya nzima ikacheka. Hao wawili hawakucheka. Mwisho wakakubaliana kwamba mke wa fundi atamgusa Tusajigwe kiwiko, huyo avute. Kisha atamgusa Subilaga, naye avute. Wakajaribu. Sauti ikapita laini kama mafuta, haikukatika hata kidogo. Mwalimu akarusha mikono juu kwa furaha. Siku ile, wakifunga mazoezi, mke wa fundi alimwambia Subilaga kwa sauti ya chini:

"Dada, mimi nina viwiko viwili tu. Siku nikiugua, mtafanyaje?"

"Usiugue," Subilaga akajibu, akachukua mwavuli wake.

Siku ya tamasha ikafika. Ukumbi ukajaa hadi madirishani, na hata mvua ilinyamaza. Walipofika kwenye neno la mwisho, ile sauti ilisimama hewani hata watu wakasahau kukohoa. Mgeni rasmi akaomba warudie, wakarudia. Ndipo mwenyekiti wa mtaa akasimama, akasema, "Wananchi, mkitaka kujua amani ni kitu gani, itazameni kwaya hii." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Subilaga naye akapiga makofi. Tusajigwe akapiga makofi. Katikati yao mke wa fundi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Tungeishia hapo, ingekuwa habari njema ya kwaya. Lakini kwaya ile ilikuwa na desturi: siku ya pili ya Krismasi walizunguka kuwaimbia wagonjwa ambao hawakuweza kuja ukumbini. Na mwaka ule mwalimu alisema watavuka mto, waende kwa mume wa Tusajigwe.

Subilaga alitaka kubaki. Mwalimu akamwomba, "Mama, bila wewe sauti ya pili itakuwa nyembamba." Akaenda basi, kwa heshima ya kwaya. Akasimama karibu na mlango, nyuma ya watu, ili aimbe na kuondoka.

Ndani, kitanda kilikuwa kimewekwa sebuleni karibu na dirisha. Mzee yule, aliyekuwa mbeba mizigo mwenye nguvu kuliko wote kijijini, alikuwa amelala, upande mmoja wa mwili hauna kazi, mdomo umepinda. Wanakwaya wakajipanga. Mwalimu akainua mkono waanze. Lakini yule mzee akawa anawapita kwa macho, mmoja mmoja, anatafuta. Macho yake yakafika mlangoni.

"Subilaga," akasema. Ulimi ulikuwa mzito, kila neno lilikuwa kama anapandisha mlima. "Pole... na mama."

Subilaga akapiga hatua moja ndani.

"Nilikuwa... navaa koti... nije kuzika," mzee akaendelea. "Nikaanguka."

Mwalimu akaushusha mkono. Subilaga akapita katikati ya watu hadi kwenye kitanda, akamtazama Tusajigwe. Ikawa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu msiba.

"Ilikuwa siku ile?"

"Siku ile."

"Na wewe ukaja?"

"Nilimwacha hospitali na shemeji yangu, nikaja mbio. Ningekosaje? Mama yako alinisuka nywele siku ya harusi yangu."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuja kukuambia," Tusajigwe akasema. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayeeleza jambo lilivyokuwa. "Ukaniambia nikale."

Subilaga aliketi chini, hapo hapo sakafuni, na khanga yake mpya ya Krismasi. Alilia bila kujificha. Tusajigwe alimwinamia. Kisha akasema, "Inuka, sakafu ina baridi," akamshika mkono.

Kwaya haikuimba siku ile. Mke wa fundi aliwatoa wenzake nje kimya kimya, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakukuwa na mtu katikati ya wale wawili.

Sasa niwaulize, ndugu zangu. Amani iliimbwa ukumbini, bila tobo, hata mwenyekiti akaisifu. Je, ilikuwako? Na katika nyumba ile, ambako hakuna aliyefungua mdomo kuimba, ilikosekana?

Sisi nasi tumekuwa mafundi wa kupanga pumzi. Tunajua benchi gani tukae ili tusikutane macho na fulani. Tuna mtoto wa kumtuma: "mwambie baba yako." Tuna misiba tunayokwenda kwa zamu, yeye asubuhi, sisi mchana. Mipango yetu ni mizuri, na wageni hawasikii chochote. Lakini Mungu haisikilizi ile sauti ndefu peke yake. Anajua ni kiwiko cha nani kimeishikilia. Na wewe unayesubiri mwenzako aje aeleze alikuwa wapi: una uhakika hakuwahi kuja? Una uhakika hukumfukuza akiwa bado na mzigo kichwani?

Kwaya yetu iko tayari kuimba, naiona. Naomba ikae kwanza. Mimi pia nitakaa. Kama kuna mtu hapa ambaye ana nyumba ya kwenda kabla hatujaimba neno amani, asione aibu kuinuka. Mlango ule hatukuufunga. Na njia ya kwenda kwake hatuhitaji kukuelekeza.