Marehemu Aliyeitikia Shikamoo

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, simu zimeshajaa mifukoni, kulikuwa na hospitali moja chini ya mlima iliyochoshwa na makaratasi. Ikaajiri vijana watatu wa kompyuta. Kaeni vizuri, nyie mnaocheka mapema. Hukumu mtaitoa nyie.

Vijana wenyewe walikuwa Zuwena, Mbonea na Hamduni. Kazi yao, kuandika programu ya wagonjwa. Sasa, kompyuta ina bidii lakini haina akili. Haijui kuwa mtu ana jina mpaka uitangazie. Umri, tangaza. Uzito, tangaza. Yu hai au la, tangaza! Na kila tangazo la sifa lina maneno yale yale: sifa inaitwaje, inasomwaje, inaandikwaje. Sifa za mgonjwa mmoja zilikuwa mamia. Mbonea alianza kupiga miayo kwenye ya kwanza.

Zuwena akasema, "Kuyaandika haya kwa mkono ni kazi ya punda." Akaiendea kompaila, ile mashine inayogeuza maandishi yao kuwa programu, akachukua vifaa vyake vya kuzalisha msimbo, yaani hayo maandishi yenyewe, akaandika programu ya kuandika programu. Akabonyeza. Chai haijapoa, matangazo yote yako tayari. Na juu kabisa mashine ikaweka onyo: "Faili hili limeandikwa na mashine. Usiguse." Basi wakapongezana! Wakakata keki, wakapiga picha na kisu.

Lakini Zuwena alisahau jambo moja. Hakuiambia mashine yake kwamba mtu asiyejaziwa kitu aanze akiwa hai. Na kompyuta yao, ukiitaka ijibu ndiyo au hapana bila kuiambia neno, inashika hapana. Yu hai? Hapana. Wagonjwa wote wa zamani, ambao hakuna aliyewahi kukaa akawaandikia kuwa wanapumua, wakafa kwa mpigo.

Mkaguzi alikuwa Mbonea. Akafungua faili, akasoma "Usiguse," akalifunga. Akaandika, "Nimekagua, safi kabisa." Msomi huyo!

Huko juu mlimani aliishi Bibi Namkunda, mwenye presha ya macho. Hospitali ilimpa matone bure, na bila matone jicho linazimika. Akateremka hadi dirisha la dawa, mhudumu akamwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata matone yangu."

"Bibi, wewe ni marehemu."

"Umeniamkia, nimekuitikia. Marehemu anaitikia?"

"Mimi nasoma inavyosema kompyuta, Bibi. Pole kwa msiba."

Hamduni alikuwa anapita, akasikia, roho ikamuuma. Akakimbilia lile faili lisiloguswa, akaligusa. Kwa mkono wake akaandika kwamba watu waanze wakiwa hai. Akampigia simu Bibi, aliyekuwa ameshapanda nusu ya mlima: "Bibi, umefufuka! Njoo kesho." Bibi akashukuru. Lakini kila jioni programu ilijengwa upya, na kila ilipojengwa, mashine ya Zuwena iliandika matangazo yote upya, na mkono wa Hamduni ukafutika. Kesho yake Bibi akateremka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Matone."

"Bibi, umekufa tena."

Hamduni akamfufua tena. Mashine ikamuua tena. Akamfufua, ikamuua. Na Zuwena, mwenye mashine, je, aliambiwa? Thubutu! Hamduni aliona aibu kusema kwamba amegusa kisichoguswa. Bibi akapanda na kuteremka mpaka siku aliyoamka jicho la kushoto halioni hata moto wa jikoni. Siku hiyo hakwenda dirishani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu wa hospitali, akakaa, akaagiza vijana waitwe.

Zuwena akasema, "Bibi, nilisahau, lakini nilisahau mara moja, bila kujua. Hamduni alijua kila siku."

Bibi akasema, "Na mimi nilikufa kila siku."

Mbonea akasema, "Onyo lilisema usiguse. Sikugusa."

"Lilisema usisome?" Bibi akauliza.

Mbonea akajisogeza nyuma ya Hamduni.

Hamduni machozi yakamlenga. "Hapa ni mimi peke yangu niliyekufufua, Bibi! Hawa hawakuinua hata kidole."

"Ndiyo, mwanangu. Kila uliponifufua niliteremka mlima mzima kuja kusikia nimekufa. Usingenifufua, ningeshauza mbuzi nikanunue matone dukani."

Mkuu akakohoa. "Mama, tukufanyie nini uridhike?"

"Jicho hamna la kunipa," Bibi akasema. "Nataka mmoja wao awe marehemu kwenye hiyo kompyuta, kwa muda ule ule niliokufa mimi. Aende dirishani, aamkiwe, aambiwe pole."

Vijana wote watatu wakaruka. Maana Zuwena alikuwa na mimba kubwa, na kliniki yake ilikuwa palepale. Mbonea alikuwa anameza vidonge vya presha vya palepale. Hamduni ana pumu, na dawa yake ya kuvuta inatoka dirisha lilelile.

"Bibi, utatuua!" Zuwena akalia.

"Ndiyo maana nimetaka mmoja tu. Sina roho mbaya."

Mkuu akasema atatafakari. Anatafakari mpaka leo, na Bibi bado amekaa pale, jicho moja linawatazama watatu. Haya, wasikilizaji wangu, mlicheka vya kutosha. Na asinitajie mtu Mkuu! Mkuu hatibiwi pale, jina lake halimo hata kwenye hiyo kompyuta. Chagueni kati ya aliyesahau, asiyesoma, na aliyejua akanyamaza huku akisaidia.

Je, nani alistahili kufa?