Mguu Uliokosewa

Hapo zamani, kabla vibao vya maduka havijajifunza kusema uongo, katika mji wa Mchongoma palikuwa na mke kijana aitwaye Siwema. Kutwa alikosha masufuria ya wifi zake, masizi mpaka puani. Alitaka kitu kimoja tu: jiko lake mwenyewe.

Mumewe akamwambia, "Haya, uza vitumbua. Lakini Maulidi ikipita havijauzika, mke wangu, masufuria yanakungoja."

Siwema akaenda kwa Bi Kiguru, ambaye vitumbua vyake vilisifika miji saba, na mji wa nane walidanganya kwamba wamevila.

"Mwanangu, nakupa jina langu," akasema Bi Kiguru. "Utavaa kanga yangu, utanadi kwa wito wangu, utapika unga wangu, utachechemea kama ninavyochechemea. Ukibadili hata chumvi, nakuvua jina hadharani!"

"Hata kuchechemea, bibi?"

"Hasa kuchechemea! Wateja wananitambulia huko."

Kisha Siwema akaenda kwa Fundi Makungu. Huyu alijua siri ya kuumua unga, kitumbua kikafura kama shavu la mpiga zumari.

"Binti, mimi natoa siri tu," akasema. "Jina jitafutie. Mwendo wako, hasara yako. Ukianguka, sikujui, sikuoni."

Siwema akarudi kichwa kinamzunguka. Achukue jina, afungwe miguu? Au achukue siri, asijulikane na mtu? Basi akamwahidi bibi hatabadili kitu, kisha akachukua vyote! Kanga ya Bi Kiguru kiunoni, unga wa Fundi Makungu chunguni. Tamaa, ndiyo. Nani hapa hana?

Maulidi ikafika, akatoka kunadi. Lo! Kwa wasiwasi akasahau ni mguu upi. Akachechemea wa kulia. Akaona sio, akahamia wa kushoto. Mara yote miwili! Akayumba kama bata aliyelewa. Watu wakacheka, wakala, wakaongeza, wakamfuata wakimwiga, mafuta yakiwatiririka mpaka viwikoni. Mji mzima ukachechemea. Anayebisha alete babu yake tushindane.

Msafara ukampitia Liwali, ambaye hakuwa amecheka tangu mbuzi ale kilemba chake. Liwali akala kimoja, akaitazama ile miguu, akacheka mpaka akashikiliwa.

"Aliyeleta raha hii," akahema, "nampa kibanda cha kona, mlangoni mwa soko. Chake na wajukuu zake!"

Bi Kiguru akaja mbio, tena anachechemea. "Changu! Wamefuata jina langu na mguu wangu. Na huyu kavunja ahadi, unga si wangu!"

"Mguu unaliwa?" akadakia Fundi Makungu. "Wangecheka mara moja, waende zao. Unga wangu ndio uliowarudisha!"

Siwema akayaona masufuria yakimkodolea macho. Akapaza sauti: "Jina la bibi, kweli. Unga wa fundi, kweli. Lakini kosa ni langu!"

"Umekosea mguu wangu!" akafoka Bi Kiguru.

"Nimekosea kwa mguu wangu!"

Tangu lini watu wakagombania kosa? Liwali akafungua mdomo kuamua, kicheko kikamrudia, na mpaka leo hajamaliza. Kibanda ki wazi. Wifi wamesimama pembeni na sufuria moja jeusi tii.

Haya, nyinyi mnaotafuna tu: mwenye jina, mwenye siri, mwenye kosa. Je, nani alistahili?