Ngiri Ajiunga kwa Hiari

"Wanangu, nitue ngano?"
"Itue, tumekaa."
"Ina kichwa?"
"Ina kichwa na mkia."

Basi, Ngiri alikuwa na shamba kubwa juu mlimani. Chini yake Kanga alikuwa na kishamba cha mtama, na kando ya mtama kiota chenye mayai tisa. Kila mvua iliponyesha, maji yalishuka kutoka kwa Ngiri, porooo, yakabeba udongo. Mvua ya mwisho ilibakiza hatua tatu tu kufika kwenye kiota.

Kobe, bwana shamba, akapanda mlima polepole. Akapima, akachomeka vigingi kwa mstari shambani kwa Ngiri.

"Mzee, chimba mtaro hapa, uzuie maji. Ni mpango wa hiari, unaandikisha jina tu."

"Nitapata nini?"

"Udongo wako hautaondoka."

"Uende wapi? Si huu hapa, naukanyaga."

"Kanga ana mayai kule chini."

"Nimeyataga mimi?"

Kobe akashuka polepole.

Kanga akalia. Jirani yake Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, akamwambia, "Nyamaza, mama. Tutafute maganda ya viazi."

Ulikuwa msimu wa njaa. Hata hivyo kila jirani alileta maganda yake. Panya, mwenye watoto wanane, alileta kiazi kizima, akaondoka kabla hajashukuriwa.

Mchana Ngiri akalala, khoror, khoror. Pimbi akafukia kile kiazi kwenye kigingi cha kwanza. Kwenye vigingi vingine vyote akafukia maganda. Kisha akamwamsha Ngiri.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukuomba usijiunge na mpango wa Kobe."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Anayechimba mtaro huchimba chini sana. Akichimba chini sana, huona vitu."

"Vitu gani?"

"Mimi sijasema viazi, mzee."

Ngiri akasimama. "Mwite Kobe. Naandikisha jina."

Akaandikishwa, akaanza na pua na pembe, chimbu, chimbu. Kigingi cha kwanza: kiazi. Akakimeza. Cha pili: ganda. "Viko mbele." Cha tatu: ganda. "Viko mbele kidogo." Chimbu, chimbu, mpaka mwisho wa shamba, pua imechubuka.

"Wewe mdogo, viazi viko wapi?"

"Labda chini zaidi, mzee."

Akarudia mtaro wote, chini zaidi.

Mvua ikaja. Maji yakaingia mtaroni, yakatulia humo. Mayai tisa yakaanguliwa, vifaranga tisa.

Wakubwa wa Kobe wakaja na fulana ya mkulima bora. Ikambana Ngiri tumboni. Wakamuuliza, "Nini kilikusukuma ujiunge?"

"Upendo wa ardhi," akasema Ngiri, udongo ungali puani.

Kanga akapiga mabawa kumshangilia. Pimbi akainama, akaziba mdomo kwa mkono, akacheka.

Funzo, wanangu: mkulima mkubwa hujiunga kwa moyo safi. Mweleze tu taratibu, ataelewa.

Ngano yangu naiweka chini. Atakayeiokota aende nayo kwake, na maganda asiyatupe.