Koti la Sajini Mapunda

Ukimvika mtu, msindikize hadi njia panda. Mmeisikia kauli hiyo leo mkifunga marobota ya nguo za msaada, mkanijia mbio kuuliza: nguo na njia panda, wapi na wapi? Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, katika kambi yetu hii ya Mlimbani, kabla hamjazaliwa.

Palikuwa na binti aitwaye Stumai, mtoto wa Sajini Mapunda. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwepesi wa huruma, na mbishi kama baba yake. Mwaka ule Mto Luhembe ulifurika, ukasomba nyumba za watu wa bondeni pamoja na kuku na mbegu zao. Walionusurika wakahamia shule ya msingi, wakawa wanalala madarasani juu ya magunia. Stumai na wenzake wakapita kota za askari, nyumba kwa nyumba, wakiomba nguo. Siku ya kuzipeleka, alitazama furushi la nyumbani kwao akaona haya, maana lilikuwa dogo kuliko yote. Akafungua sanduku la baba yake. Chini kabisa akakuta koti la kombati, sare ya jeshi, lililochakaa, ambalo sajini hakuwa amelivaa kwa miaka mingi. Akaling'oa beji, akajiambia kwamba sasa ni koti tu kama makoti mengine.

Kule shuleni alimkuta Mzee Senyagwa, mkulima wa bondeni, amejikunyata kwa baridi na fulana yake ya singlendi. Alipovikwa lile koti, mzee alikaza mgongo, akampigia saluti, na darasa zima likacheka.

"Mjukuu wangu," akasema, "hata mvua sasa itaniogopa."

Tenda wema nenda zako, Stumai alijiambia, akarudi nyumbani moyo mweupe.

Wiki ile ile, majambazi waliovaa kombati walianza kusimamisha malori ya chakula cha msaada. Dereva mmoja alipigwa risasi. Jeshi likaweka kizuizi kwenye njia panda ya kwenda bondeni, na aliyepewa kukisimamia ni Sajini Mapunda.

Jioni moja sajini alirudi na matope hadi magotini. Akanawa mikono, akaketi kula.

"Leo tumempata mmoja wao," alimwambia mkewe. "Mtu mzima na mvi zake, kavaa koti letu. Nimempigisha magoti kwenye tope mpaka akalia. Anadai alipewa na mtoto wa hapa kambini. Ukimuuliza mtoto gani, kimya."

"Kwa nini hasemi?"

"Eti hataki kumponza mtoto wa watu. Asubuhi anapelekwa mjini. Huko atasema tu."

Stumai akarudisha tonge sahanini. Alijua sheria za kambi. Mtoto wa askari huzijua kabla ya kujua kusoma. Koti lile lilipaswa kurudishwa stoo. Askari ambaye vazi lake limefika mikononi mwa raia huweza kuvuliwa cheo, pengine hata kunyang'anywa kota. Wadogo zake wangelala wapi? Lakini mzee wa watu je, aliyeumia huku akikataa kumtaja? Alipokwenda kuosha vyombo, sahani ilimponyoka ikavunjika.

"Una nini wewe?" mama yake akauliza.

"Kichwa tu, mama."

Kila gari lililonguruma upande wa lango lilimshtua. Alidhani limekwisha kumchukua mzee.

Kulipopambazuka alimkuta baba yake sebuleni akivaa buti.

"Baba, yule mzee si jambazi. Anaitwa Mzee Senyagwa. Koti nilimpa mimi."

"Ulilitoa wapi?"

"Kwenye sanduku lako."

Sajini alibaki ameshika kamba za kiatu. "Ina maana lile koti," akasema polepole, "ni langu?"

"Ndiyo, baba."

Stumai alingoja kofi. Halikuja. Baba yake aliteremka kwenye kiti, akakaa sakafuni na buti moja mguuni.

"Nimempigisha mtu magoti kwa koti langu mwenyewe," akasema. Kisha akainuka. "Vaa viatu, twende kwa mkuu wa kikosi. Utasema yako, nami nitasema yangu."

Walikuta gari linanguruma, na Mzee Senyagwa yumo nyuma, amefungwa mikono. Stumai alisema yote. Mkuu wa kikosi akaamuru mzee afunguliwe. Sajini Mapunda alishushwa cheo, akawa koplo. Hata hivyo alimwomba mzee radhi mbele ya askari wake wote.

"Nimesikia," mzee akajibu.

Akaambiwa aende zake. Manyunyu yalikuwa yakianguka, naye, koti likiwa limebaki jeshini, yuko na singlendi ile ile. Alipofika langoni alisimama. Njia ya kwenda shuleni ilipita kwenye kizuizi, na askari wa pale walikuwa hawajapata habari. Stumai akamkimbilia. Akavua sweta lake, akamfunika mabegani.

"Babu, nakuja na wewe."

Akamshika mkono, wakatembea. Pale njia panda askari alinyanyua bunduki.

"Simama! Huyo si yule wa jana?"

Stumai alihisi mkono wa mzee ukimbana vidole. "Ameachiwa na mkuu wa kikosi," akasema. "Mimi ni binti wa Mapunda. Namsindikiza."

Askari akainua mti wa kizuizi. Walipokwisha kupita, mzee alivuta pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza akamgeukia.

"Sikukuchukia, mjukuu wangu. Koti lako lilinipa joto. Lakini ulinivika ukaenda zako, nikakutana na bunduki peke yangu. Siku nyingine usifanye hivyo. Ukimvika mtu, msindikize hadi njia panda."