Soksi za Kupandia Mlima

Palikuwa na sultani mmoja, jina lake Badi, mtu wa mwili na maringo, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka kitandani mpaka barazani. Siku moja akasikia kwamba sultani wa mji jirani amepanda mlima kwa miguu yake mwenyewe, mzigo mgongoni. Wivu ukamshika. Akatangaza kwamba naye atapanda, tena mlima mrefu zaidi, na mzigo ataubeba mwenyewe. Mzigo wenyewe ulikuwa mto wa kulalia na kopo la halua, lakini tusimseme sana, jamani. Mtu hujikuna ajipatapo.

Tabu ilikuwa miguu. Njia ya mlimani ina vijito na nyasi zenye umande, na Sultani Badi alichukia kulowa kuliko paka.

Sasa, nyuma ya ukuta wa kasri alikaa mjane mmoja, Mize binti Vuai, fundi wa kushona, maskini wa kila kitu isipokuwa maneno. Kijumba chake ndicho pekee alichoachiwa na marehemu mumewe. Sultani alikuwa akikitolea macho siku nyingi, apate pa kujenga banda la farasi, ila kisingizio hakuwa nacho. Basi akamwita, akamwagiza soksi nyepesi, ukizipuliza zipepee, na zisiingize maji hata tone. Azitengeneze nyumbani kwake. Miguu ikilowa, nyumba hiyo inabomolewa.

Mize akauliza wepesi huo ni kwa mguu wa nani, maana mguu wa maulana peke yake ni mzigo wa kutosha. Waziri akakohoa ili asicheke. Sultani akamfukuza.

Akarudi nyumbani, na siwafichi, alilia. Nyumba ni nyumba, hata ikivuja. Alipomaliza kulia akapenga kamasi, akafungua sanduku, akatoa kilemba cha hariri alichovaa mumewe siku ya harusi. Akakikata. Uchungu ulimpata, lakini hariri nyepesi kama ile hakuwa nayo nyingine. Akayeyusha nta ya nyuki na mafuta kidogo ya nazi, akaipaka hariri ingali vuguvugu mpaka ikashika. Lakini fundi hadanganyiki: maji hayahangaiki na kitambaa, yanatafuta matundu ya sindano. Kwa hiyo kila mshono akauziba kwa utomvu wa mpira wa porini. Kisha akazijaza soksi maji, akazitundika kwenye kamba ya nguo, akakaa chini akizikodolea macho. Halikudondoka tone.

Sultani akaenda zake mlimani. Akavuka vijito, akakanyaga matope, jua likampiga, akala halua yake. Aliporudi akazivua soksi mbele ya baraza zima, na miguu, loo, ilikuwa imelowa chapachapa, ngozi imekunjamana kama vidole vya dobi. Mnadhani alisikitika? Alifurahi. Akaagiza wabomoaji waje na sururu zao, kisha akamwita Mize.

"Miguu yangu imelowa," akasema. "Nyumba nimeichukua."

Mize akaomba soksi moja. Akaitia maji mpaka juu, akainyanyua watu waione. Wakangoja. Ikabaki kavu kwa nje.

"Maulana, maji ya ndani hayatoki. Ya nje yaliingilia wapi?"

"Nitajuaje mimi? Fundi ni wewe. Maji yalikuwemo."

"Ya mto, au ya kwako?"

"Ya kwangu vipi?"

"Mguu uliofungiwa hutoka jasho. Uliniagiza nizuie maji yasiingie. Yasitoke hukuniagiza."

Baraza likaguna. Sultani akavimba.

"Sultani hatoki jasho. Jasho ni la wachukuzi na wakulima. Mimi tangu nizaliwe sijatoka jasho. Waziri, kweli au si kweli?"

Waziri alikuwa mtu anayejua anakula kwa nani. Akasema ni kweli tupu, kwamba hata kwenye jua kali maulana huwa mkavu kama ukuni.

"Basi waziri ayaonje," akasema Mize. "Maji ya mto hayana chumvi."

Katika soksi ya pili maji yalikuwa bado yametuama kwenye kidole gumba. Waziri akamtazama bwana wake, akitumaini kuokolewa. Bwana wake, kwa jinsi alivyojiamini, akamfanyia ishara aonje. Maskini waziri. Akachovya kidole, akafumba macho, akakitia mdomoni.

"Enhe?" akauliza sultani.

"Chumvi, maulana," akasema waziri. "Tena imezidi."

Hapo kila mtu akaanza kutazama chini, huyu anajikuna sikio, yule anauma shuka lake. Sultani alibanwa, lakini mkubwa hakosi pa kupenyea.

"Haya, ni jasho," akasema. "Ila si langu. Nimeshasema sitoki jasho, na neno langu halirudi. Nitajie hili ni jasho la nani. Ukimtaja mwenyewe, nyumba ni yako na kizazi chako, baraza hili shahidi. Ukishindwa, sururu zile pale."

Mize akageuka, akawatazama watu waliojaa pale barazani, wachukuzi, wakulima, madobi, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamrudia sultani, akainama kwa adabu zote.

"Ni la hawa, maulana. Umelila miaka yote hii, leo limepata pa kutokea."